Mwanafarasi si ndama

Mhariri,

Waliowahi kufuga farasi, wakaacha kwa miaka, na sasa wanarudi, wengi hurudi na mwanafarasi. Sababu inaeleweka. Poni, yaani farasi wa jamii ndogo, wa miezi 8 ni nafuu kuliko poni wa miaka 8 aliyekwisha kuzoea kubeba watoto, na nyumbani kuna mtoto anayetamani kukua naye. Lakini wanachokikumbuka ni farasi mzima, mara nyingi mstaafu wa mbio za Ngong, aliyefika kwao akijua hatamu, tandiko, saisi na fundi wa kwato. Mwanafarasi hajui hata kimoja. Kumbukumbu ikikoma hapo, watu huazima ujuzi ulio karibu, nao ni ujuzi wa ng'ombe. Huku Kenya, iwe Nanyuki, Gilgil, Molo au Limuru, hakuna boma lisilo na mtu anayejua kulea ndama. Basi poni hulelewa kama ndama: hula hori moja na ng'ombe, hunyunyiziwa dawa ileile ya kupe, hudungwa sindano ileile ya minyoo. Nawaomba waache, na sababu zangu ni hizi.

Ng'ombe hucheua, farasi hacheui. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe mmejaa vijidudu vinavyovunjavunja sumu nyingi kabla hazijaingia damuni. Farasi hana tumbo hilo. Majani anayokula huchachukia nyuma kabisa, kwenye utumbo mpana, wakati utumbo mwembamba umekwisha kufyonza kilichomo, kizuri na kibaya. Wala hawezi kutapika. Kilichoshuka kimeshuka.

Tuanze na gunia la dukani. Baadhi ya vyakula vya ng'ombe na vya kuku wa nyama hutiwa monensini, dawa inayomkinga kuku na koksidia, vimelea vya utumbo, na kumsaidia ng'ombe kupata faida zaidi katika malisho yake. Kwa farasi dawa hiyo hushambulia misuli ya moyo. Miligramu 2 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito zinaweza kuua, yaani poni wa kilo 100 hahitaji hata theluthi moja ya gramu. Anayepona huenda akabaki na moyo wenye makovu, aonekane mzima malishoni, kisha aanguke siku atakapokimbizwa. Kwa hiyo pipa la poni liwe lake, kopo la kuchotea liwe lake, na kabla ya kununua chakula kilichochanganywa kinuni uliza kama mashine hiyohiyo huchanganya chakula chenye monensini. Mabaki yanayosalia ndani ya mashine yamekwisha kuua farasi ambao gunia lao halikuandikwa dawa yoyote.

Mahindi nayo yana lake. Sumukuvu tunaijua kwa jina la aflatoksini, ila kuna nyingine, fumonisini, itokanayo na ukungu unaoshika mahindi yakiwa bado shambani. Ng'ombe huistahimili kwa kiasi kikubwa. Farasi huliwa ubongo: huanza kutangatanga, huzunguka upande mmoja, hubana kipaji cha uso ukutani, hupofuka, na kwa kawaida hufa ndani ya siku chache. Tiba hakuna. Mahindi yaliyokataliwa jikoni au kinuni, ambayo hutupiwa mifugo kwa mazoea, yasimfikie farasi wa umri wowote.

Hayo huua upesi. Kuna linaloua polepole, na ndilo linaloharibu wanafarasi wengi nyanda za juu, kwa sababu linaingia kupitia chakula kinachoonekana bora: pumba za ngano, nyasi za kikuyu na matete ya nepia. Mifupa inayokua inataka kalsiamu na fosforasi kwa uwiano wa karibu 2 kwa 1, na kamwe fosforasi isizidi kalsiamu. Kilo 1 ya pumba za ngano ina fosforasi gramu 11 hivi na kalsiamu gramu 1 na kitu. Uwiano umepinduliwa mara 9. Nyasi za kikuyu na nepia kwa upande wao zina oksaleti, kemikali inayoshikamana na kalsiamu tumboni hadi itoke na kinyesi bila kufyonzwa. Vijidudu vya tumbo la ng'ombe huivunja oksaleti, ndiyo maana ndama hunawiri kwenye malisho hayohayo. Mwili wa poni ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa, na huanza na ya usoni. Pitisha vidole juu ya mfupa wa shavu, chini ya jicho kuelekea puani, pande zote mbili. Mfupa unatakiwa uwe na ukingo mkali unaogusika. Ukingo ukipotea, uso ukawa umevimba na kuviringana kushoto na kulia kwa pamoja, hiyo si afya wala unene. Kabla ya hapo poni atakuwa ameanza kutembea kwa ugumu, akichechemea leo mguu huu, kesho ule, na kudondosha matonge ya nyasi yaliyotafunwa nusu kwa sababu meno yanalegea.

Dawa yake ni kubadili hori. Nyasi kavu za Boma Rhodes ziwe ndio msingi, maana oksaleti yake ni kidogo. Ongeza alfalfa, yenye kalsiamu nyingi na protini anayoihitaji, kati ya robo na theluthi ya lishe yote. Pumba ziondolewe kabisa kwa aliye chini ya miaka 3. Kama malisho yenu ni kikuyu tupu na hakuna mengine, poni apewe kila siku chokaa ya mifugo pamoja na madini ya farasi, kwa kipimo cha daktari wa mifugo aliyeona hori lenyewe. Jiwe la chumvi la ng'ombe halitoshi, kwa kuwa huwezi kujua amelamba kiasi gani. Na kwa kuwa wengi wamepanda lusina uani kwa ajili ya mbuzi: lusina hunyonyoa farasi singa, yaani nywele za shingo, na mkia, hivyo funga ua upande huo.

Kiasi kipimwe, kisikisiwe. Chukua utepe wa fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya kwapa, pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,877. Jibu ni kilo. Poni wa mzunguko 140 na urefu 135 ana kilo 223. Kanuni hiyo ilitungwa kwa farasi wazima, kwa hiyo kwa mdogo ichukue kama makadirio, ila ukiiandika kila mwezi kwenye daftari utaona kama anapanda taratibu au anaruka. Huyo wa kilo 223 ale kilo 5 hadi 6 za nyasi kavu kwa siku, alfalfa ikiwemo, yaani robota la kilo 12 hadi 15 halizidi siku 3. Chakula cha nafaka kiwe kidogo sana au kisiwepo, maana kumharakisha kwa wanga huvimbisha ncha za mifupa juu ya goti na kwenye kifundo, mguu ukaonekana kama shisha ya saa ya mchanga. Ikitokea hivyo punguza nafaka, usipunguze madini.

Sasa josho. Dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi. Kwa farasi amitrazi hulaza utumbo. Siku moja au mbili baada ya kunyunyiziwa, kinyesi hukauka na kukoma, utumbo mpana hujaa na kuziba, na poni hujiangusha na kugaagaa kwa msokoto wa tumbo. Soma kibandiko, ukiona neno hilo, weka chini. Tumia dawa ya jamii ya pairethroidi iliyoandikwa kuwa ni ya farasi, kisha mkague kwa mikono kila siku ndani ya masikio, chini ya mkia, kwenye singa na katikati ya mapaja, kwa sababu kupe huambukiza farasi homa inayofanana kwa mbali na ndigana: joto, ufizi uliopauka au kuwa wa manjano, mkojo mweusi. Sindano ya minyoo ya ng'ombe, yenye dawa ya aivamektini, nayo isimguse, kwani pale inapochoma nyama inaweza kuoza kwa bakteria. Dawa ya minyoo ya farasi ni ya kinywani, ikipimwa kwa uzito. Na kwa aliye chini ya mwaka, adui mkuu ni mnyoo mkubwa mweupe wa mviringo, ambao sehemu nyingi duniani umekwisha kuzoea aivamektini. Mwombe daktari fenibendazoli, na apime mayai kwenye kinyesi. Kuzoa kinyesi malishoni mara 2 kwa wiki hupunguza minyoo sana, wala hakuna mnyoo anayeweza kuzoea beleshi.

Chanjo ni 2 zisizo na mjadala. Kiswahili chenyewe kimetuonya kwa jina pepopunda: hakuna mnyama wa nyumbani anayeshikwa nao kwa urahisi kama farasi, na wadudu wake wamo katika udongo wa zizi lake. Msumari mmoja unatosha. Ya pili ni ya ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao huweza kuua hadi farasi 9 kati ya 10 wasiochanjwa, ilhali pundamilia hubeba virusi bila kuumwa. Huenezwa na visubi, wale wadogo kama punje ya pilipili manga iliyosagwa, wanaouma tangu machweo hadi asubuhi. Poni aingie bandani saa 2 kabla ya jua kuzama na atoke jua likiwa limepanda, madirisha yawe na wavu mwembamba sana, na bomba linalovuja karibu na banda lizibwe, kwa sababu visubi huzaliana katika matope yenye samadi. Mkague machoni kila asubuhi. Juu ya kila jicho farasi ana kishimo. Kishimo kikijaa na kututumka, na kipimajoto kikasoma 40 wakati kawaida ni 37.5 hadi 38.5, mwite daktari saa ileile, usingoje povu litoke puani.

Kuhusu kampani nitasema machache. Mwanafarasi asiachishwe kunyonya kabla ya miezi 5 au 6, na asikae peke yake. Punda anafaa kuwa mwenzake ikiwa amepewa dawa, kwani punda hubeba minyoo ya mapafu bila kuonyesha dalili. Ng'ombe hafai; hawaelewani kwa masikio wala kwa mkia. Dume ahasiwe na daktari kabla hajatimiza mwaka, akiwa amekwisha kuchanjwa pepopunda, na atengwe na majike kwa wiki 6 baada ya hapo, maana mbegu zilizobaki bado zina nguvu.

Watu husema samaki mkunje angali mbichi, na kwa msemo huo huwapandisha watoto wao juu ya poni wa mwaka mmoja na nusu. Msemo ni wa kweli kwa tabia. Kwa mgongo si wa kweli. Tuanze na tabia, ambayo ndiyo ya kukunjwa mapema.

Dakika 10 asubuhi na 10 jioni zinazidi saa nzima ya Jumamosi. Kumwongoza: kaza kamba kidogo, na mara tu anapotoa hatua moja, hata nusu hatua, legeza papo hapo. Kulegea kwa kamba ndiko kunakomfundisha. Ukilegeza wakati anavuta nyuma, umemfundisha kuvuta nyuma. Usimfunge kwa nguvu kwenye nguzo. Anaposhtuka na kujitupa nyuma huumia shingo, jeraha linaloweza kubaki naye maisha yake yote. Funga kitanzi cha uzi wa katani kwenye nguzo, kisha kamba ipite humo. Akijitupa, uzi ukatike badala ya shingo. Hatamu ivuliwe anapokwenda malishoni, maana hunasa kwenye matawi, na kichwa kinakua upesi hadi inamla puani.

Miguu ndiyo mtihani mkubwa. Simama begani, uso wako ukielekea mkiani kwake. Weka kiganja juu ya bega, kiteremshe polepole nyuma ya mguu, kipite goti hadi kwenye kano, kisha bana kano kwa vidole viwili. Akihamisha uzito na kwato ikaachana na ardhi hata kwa unene wa kidole, ishike, hesabu hadi 3, uiteremshe wewe mwenyewe kabla hajaipokonya. Kesho hesabu hadi 5. Akiipokonya nawe ukaiacha, ameshajua njia ya kuachiliwa, na fundi wa kwato ndiye atakayepigwa teke. Fundi huyo aje kila wiki 4 hadi 6, sio kila baada ya miezi 3 kama ilivyozoeleka. Mguu uliopinda kwenye kifundo hunyooka kwa kukatwa kwato katika miezi 3 hadi 4 ya mwanzo tu. Baada ya hapo mfupa wa pale haukui tena kwa kasi, na anayeikata kwato ili kuunyoosha kwa nguvu huhamishia mzigo kwenye kiungo cha juu.

Na asilishwe vitamu kwa mkono, wala asichezewe mchezo wa kusukumana kifuani. Akiwa na kilo 40 inapendeza. Akiwa na kilo 300 atamvunja mtoto mbavu akidhani wanacheza.

Mgongo sasa. Mifupa ya farasi hufunga kutoka chini kwenda juu. Karibu na kwato hufunga kabla ya mwaka, juu ya goti la mbele kwenye miaka 2 hadi 2 na nusu, na uti wa mgongo, ambao ndio unaobeba tandiko, hufunga mwisho kabisa, akiwa amepita miaka 5. Kimo hudanganya, kwa sababu akiwa na mwaka mmoja amekwisha kufikia karibu kimo chake chote. Kwa hiyo miaka 2 ya kwanza aongozwe, atembezwe barabarani, azoee mwavuli, pikipiki na maji. Kuzungushwa kwa kamba ndefu kusubiri hadi miaka 3, tena kwa dakika chache, maana duara dogo hukanyagia upande mmoja wa kiungo. Miaka 3 azoeshwe tandiko na mpanda farasi mwepesi anayejua, dakika 10 au 15, hatua za kutembea tu. Miaka 4 kazi ianze. Mtoto asiyejua kupanda asimpande poni asiyejua kupandwa. Hapo ndipo mikono na shingo huvunjika, na kosa huwekwa juu ya poni. Hata akikomaa, mzigo pamoja na tandiko usizidi sehemu 1 kwa 5 ya uzito wake. Yule wa kilo 223 hawezi kumbeba mtu mzima.

Hapo nageukia serikali za kaunti. Jedwali la 4 la Katiba ya Kenya ya 2010 limezipa kaunti ustawi wa wanyama, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inakataza kumpanda mnyama kupita kiasi na kumlemeza. Ufukweni na katika viwanja vya burudani sikukuu zinapofika kuna poni wanaobeba watu tangu asubuhi, na wenye poni hao husema wana miaka 4 au 5. Afisa wa mifugo hahitaji cheti kujua ukweli. Ainue mdomo. Meno ya mbele ya kudumu huota jozi ya katikati kwenye miaka 2 na nusu, inayofuata 3 na nusu, ya pembeni 4 na nusu. Jino la utotoni ni fupi, jeupe kama maziwa, lina shingo nyembamba penye ufizi. La kudumu ni pana, la manjano, lina mifereji. Poni mwenye meno 2 makubwa katikati na madogo pembeni hajatimiza miaka 3 na nusu, aseme nani aseme nini. Tunaomba ukaguzi huo ufanyike kabla ya Desemba, na anayekutwa mdogo avuliwe tandiko palepale.

Mnunuzi naye atumie kipimo hichohicho kabla hajatoa pesa. Na aliyekwisha kununua ahesabu miezi 6 tangu mwanafarasi azaliwe, kwa kuwa kinga ya mama aliyechanjwa huzuia chanjo ya ugonjwa wa farasi isishike kabla ya hapo. Chanjo hiyo huja kwa chupa 2, zikiachana wiki 3 au zaidi, kisha mwili huhitaji wiki nyingine kadhaa kujijengea kinga. Anayetaka poni wake awe salama mvua za Machi zikianza, amwagize daktari chanjo mwezi wa Desemba.

Mfugaji wa farasi,
Nanyuki